Jedwali linaloamua bei ya umeme wa Ruhudji na Rumakali

Ukikaa Njombe au Makete hutakosa kusikia majina haya mawili. Ruhudji, megawati 358. Rumakali, megawati 222. Ni miradi ya maporomoko iliyokaa kwenye mipango ya umeme ya taifa kwa miongo mingi, na kila inapotajwa upya watu huuliza yaleyale: itaanza lini, nani atalipwa fidia, vijana wangapi watapata kazi. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini kuna jedwali moja linaloamua kama mradi utajengwa, utajengwa kabla ya upi, na umeme wake utauzwa kwa bei gani, na wanaolisoma ni wachache mno. Ndani yake kuna makisio: mahitaji ya umeme yatakua kwa asilimia ngapi, mto utatoa maji kiasi gani mwaka wa ukame, mkopo utakuwa wa riba ipi, ujenzi utachukua miaka mingapi, dola itasimama wapi. Badilisha namba mbili tu humo, na mradi uliokuwa nafuu unageuka mzigo.

Makisio si uongo wala si ujanja. Hakuna anayejua dola itakuwa shilingi ngapi mwaka 2040, na mtambo utakaoanza kujengwa leo bado utakuwa unalipiwa deni mwaka huo. Lazima mtu aandike namba. Kinachonihangaisha ni kwamba namba ikishaandikwa huanza kuheshimiwa kama kipimo, ikanakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti, mpaka anayeinukuu mwishoni hajui tena kwamba kuna mtu aliikisia.

Mto wa mfano

Tuseme kuna mto mahali fulani kati ya Mufindi na Ludewa unaofaa mtambo wa megawati 10. Ukubwa huo nimeuchagua kwa sababu ndio kikomo cha utaratibu wa wazalishaji wadogo, ambao huuza umeme kwa TANESCO kwa mikataba ya aina moja iliyokwisha kuandaliwa. Mufindi tayari ina mtambo wa namna hiyo: Mwenga, wa megawati 4, unaouza kwenye gridi na pia kuwasha taa kwenye vijiji vya jirani.

Makisio yangu ni haya. Kila kilowati inagharimu dola 3,000 kuijenga, hivyo mtambo mzima ni dola milioni 30, na kwa dola ya Sh2,500 hizo ni Sh75 bilioni. Ujenzi ni miaka 3, fedha zikitumika kwa mafungu sawa kila mwaka. Gharama ya fedha, yaani riba ya mkopo pamoja na faida anayoitarajia mwenye mtaji, ni asilimia 10. Deni linalipwa kwa miaka 30. Uendeshaji na matengenezo ni asilimia 2 ya gharama ya ujenzi kila mwaka. Maji yanatosha kuuendesha mtambo kwa wastani wa nusu ya uwezo wake. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo tunapata uniti milioni 43.8 kwa mwaka, uniti moja ikiwa kilowati moja kwa saa moja.

Ukipiga hesabu, kila uniti inayotoka kwenye mtambo inagharimu takriban Sh245. Sasa acha mengine yote kama yalivyo, halafu badilisha namba moja moja.

Gharama ya fedha ikiwa asilimia 6 badala ya 10, uniti inashuka hadi Sh170. Maji yakitosha asilimia 40 tu ya uwezo badala ya 50, inapanda hadi Sh306. Mtambo ukikamilika kwa fedha zote halafu ukakaa miaka 2 bila kuwashwa, labda kwa kuwa njia ya kusafirisha umeme haijafika, uniti ni Sh289. Mkopo ukiwa wa dola na shilingi ikashuka hadi 3,000 kwa dola, ni Sh287. Ucheleweshaji na upungufu wa maji vikija kwa pamoja, Sh361. Mto ni uleule, mashine ni zilezile, mafundi ni walewale. Kutoka Sh170 hadi Sh361 ni zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyebadilisha hata jiwe moja la bwawa.

Linganisha na bei ya mteja. Katika bei ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliziidhinisha mwaka 2016, mteja wa kawaida alipangiwa Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja mdogo wa nyumbani Sh100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Halafu kumbuka kwamba si kila uniti inayotoka mtamboni inafika kwenye LUKU. Tukikisia asilimia 15 inapotea njiani, ile Sh245 inakuwa Sh288 mlangoni kwa mteja, na hapo hujalipia nguzo, transfoma, wala mshahara wa fundi anayepanda nguzo usiku wa mvua.

Deni halisubiri mashine iwake

Katika makisio yote, muda wa ujenzi ndio ninaouona ukichukuliwa kirahisi kuliko mengine. Mtu wa Mwanjelwa aliyekopa benki ili ajenge fremu za duka anaujua ukweli huu vizuri: mabati yakichelewa miezi sita, benki haichelewi. Hana mpangaji hata mmoja, lakini riba inaongezeka.

Kwa mtambo wetu, Sh75 bilioni za ujenzi zinakuwa Sh86.8 bilioni siku mashine inapowashwa baada ya miaka 3, kwa sababu ya riba ya kipindi cha ujenzi peke yake. Ikisubiri miaka 2 zaidi, deni linafika Sh105 bilioni kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa. Ile Sh18 bilioni iliyoongezeka haikununua hata mfuko wa saruji.

Miradi mikubwa ya mabwawa huchelewa duniani kote, kwa sababu mwamba hauonekani mpaka uchimbwe na mto haukubali kuhamishwa masika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018 na kukamilika kulitarajiwa Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mapema mwaka 2024. Serikali iliujenga kwa fedha zake za ndani, zaidi ya Sh6.5 trilioni, kwa hiyo riba haionekani kama ankara ya benki. Hata hivyo fedha iliyolala kwenye zege kwa mwaka na nusu zaidi ya ilivyopangwa ina gharama, maana ingeweza kufanya kazi nyingine. Ninapoona mpango wa Ruhudji au Rumakali unaokisia kwamba kila kitu kitakwenda kwa ratiba, naona ni haki kumuuliza mpangaji: bei ya uniti itakuwa ngapi ukichelewa miaka 2? Kama hana jibu, hesabu yake bado.

Kuna upande wa pili wa wakati, nao unaiumiza miradi ya maji hata isipochelewa. Ili kulinganisha mitambo, wapangaji huipunguzia thamani fedha ya baadaye kwa asilimia fulani kila mwaka, na asilimia 10 imezoeleka sana. Kwa kipimo hicho Sh100 ya miaka 30 ijayo ina thamani ya chini ya Sh6 leo, na Sh100 ya mwaka wa 50 haifiki hata shilingi moja. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975 na bado inazalisha. Lakini jedwali linalotumia asilimia 10 karibu halioni chochote cha miaka ile ya mwisho, wakati deni limekwisha lipwa na maji yanaendelea kuteremka. Mtambo wa gesi, ambao ni rahisi kuujenga ila unataka gesi ya kununua kila siku ya uhai wake, unapendelewa na kipimo hicho: gharama zake kubwa ziko mbali, na za mbali zinapunguzwa. Sisemi asilimia 10 ni kosa. Nchi yenye fedha chache lazima iione fedha ya leo kuwa ghali. Ila uchaguzi kati ya maji na gesi unaweza kuwa umeshafanyika kwenye mstari huo mmoja kabla mhandisi hajafungua ramani.

Mstari mwingine wa kuuangalia kwa makini ni mgawanyo wa mkopo na mtaji wa wamiliki. Mwenye mtaji hutaka faida kubwa kuliko benki, na faida hiyo huingia kwenye bei. Mkataba wa mwaka 1995 wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta kwa miaka 20, uliibebesha TANESCO malipo ya uwezo wa mtambo, yale yanayolipwa hata mashine ikiwa imezimwa. Mgogoro wake ulifika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa zaidi ya mara moja, na hoja mojawapo ilikuwa namna mtaji wa wamiliki ulivyohesabiwa ndani ya bei. Mstari mmoja wa jedwali, kesi za miaka mingi.

Maji ya wastani na maji ya uhakika

Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, hapa ndipo penye uzito kuliko pote, kwa sababu maji hayo yanaanzia kwetu.

Megawati zinaeleza ukubwa wa mashine. Hazielezi itazunguka saa ngapi. Kwa hiyo mpangaji anahitaji namba mbili tofauti: umeme wa wastani, ule utakaopatikana ukichanganya miaka mizuri na mibaya, na umeme wa uhakika, ule utakaopatikana hata mwaka mbaya. Benki makini hupima uwezo wa kulipa deni kwa namba ya pili. Wanasiasa, na sisi waandishi pia, tunapenda namba ya kwanza, au megawati tupu.

Namba zote mbili zinatoka mahali padogo sana. Kwenye daraja la mto utaona ubao mwembamba wenye alama za sentimita, umesimikwa majini. Msomaji wa kipimo, mara nyingi mkazi wa kijiji cha hapo, anateremka ukingoni, anasoma maji yamefika alama gani, anaandika kwenye daftari. Daftari hizo zinakusanywa na ofisi za mabonde: Bonde la Rufiji liko Iringa mjini, Bonde la Ziwa Nyasa liko Tukuyu. Mafuriko yaking'oa ubao, au msomaji akikosa posho akaacha, panabaki pengo, na pengo hilo hujazwa kwa kukisia kutokana na mto wa jirani. Uwekezaji wa mamia ya mabilioni unaegemea daftari hilo. Kama kuna mahali pa kutumia fedha kidogo kabla ya kutumia nyingi, ni hapo.

Angalia Mtera. Bwawa lile la mpakani mwa Iringa na Dodoma linapokea Ruaha Mkuu, Kisigo na Ruaha Mdogo, huu unaopita Iringa mjini. Lina mtambo wa megawati 80, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuitunzia maji Kidatu, ya megawati 204, iliyo chini yake. Bwawa likijaa, maji husimama kwenye mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, ndiyo mwisho wa maji ya kuzalisha umeme. Kina kinachofanya kazi ni mita 8.5 tu, na katika migao ya umeme ya mwaka 2006 na 2011 nchi nzima ilikuwa inasikiliza taarifa za mita hizo.

Kilichotokea juu ya Mtera hakikuwa ukame peke yake. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sehemu kubwa ya sababu ni maji yanayoingizwa kwenye mifereji ya mashamba kule Usangu, wilayani Mbarali. Sikubaliani na wanaomtupia lawama mkulima wa Mbarali, kana kwamba mpunga wake hauliwi na watu walewale wanaolalamikia mgao. Kosa lilikuwa la kupanga: hesabu ya umeme ilikisia mto usiokuwa na mtu, wakati juu yake kulikuwa na bonde linaloongezeka watu, mashamba na mifugo. Jedwali la Ruhudji lazima liwe na mstari wa chai, parachichi na viazi vitakavyomwagiliwa Njombe miaka 20 ijayo.

Kihansi nayo ilitufundisha mstari mwingine. Mtambo huo wa megawati 180 kwenye miteremko ya Udzungwa ni mzuri: maji kidogo, mwanguko mkubwa. Lakini maji yalipoelekezwa kwenye handaki, korongo lililokuwa likilowana kwa rasharasha za maporomoko lilikauka, na humo aliishi chura mdogo ambaye haonekani kokote kwingine duniani. Ikabidi kufungwe mfumo wa kunyunyizia maji, na sehemu ya maji iachwe ipite kwenye korongo bila kuzalisha kitu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini, na baadaye waliozalishwa Marekani walirudishwa. Maji ya kuacha mtoni ni gharama, na yanapaswa kutolewa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Jambo ambalo sijaona likipewa nafasi ya kutosha ni kwamba mabwawa yetu yanategemeana. Mtera, Kidatu, Kihansi, Ruhudji na Bwawa la Nyerere yote yamo katika bonde moja la Rufiji. Maji ya Ruhudji huingia Kilombero, na Kilombero huishia kwenye bwawa la Nyerere. Mwaka ambao mvua inakataa kwenye bonde hilo, yote yanapungukiwa kwa pamoja. Ukikisia hatari ya kila mtambo peke yake kisha ukajumlisha, utapata picha nzuri isiyo ya kweli. Rumakali iko tofauti: mto wake unashukia Ziwa Nyasa, kwa mwanguko wa zaidi ya mita 1,000, ambapo mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde inatoa karibu megawati 9. Ni ndogo kuliko Ruhudji kwa megawati, lakini bonde lake ni lingine. Kwangu hiyo ni sababu nzito ya kuipa alama zaidi, na bei ya uniti peke yake haiwezi kuionyesha.

Nani atanunua?

Mwaka 2025, baada ya mitambo yote ya Bwawa la Nyerere kukamilika, uwezo wa kuzalisha nchini ulipita megawati 3,500 huku mahitaji ya juu yakiwa karibu megawati 2,000. Kwa hiyo kila mradi mpya unaegemea kisio la ukuaji wa mahitaji, na hilo ndilo rahisi kulivuta kwa matumaini. Mahitaji yakikua kwa asilimia 10 kwa mwaka yanakuwa maradufu ndani ya miaka isiyozidi 8. Yakikua kwa asilimia 5, inachukua zaidi ya 14. Mtambo uliojengwa kwa kisio la kwanza ukakutana na ukuaji wa pili utakaa miaka bila mteja wa kutosha, na deni lake litalipwa na wateja waliopo.

Idadi ya waliounganishwa inaweza kudanganya. Kijiji kilichofikiwa na REA, wakala wa nishati vijijini, kinaongeza wateja mamia, lakini nyumba yenye taa nne, redio na chaji ya simu haimalizi uniti 75, na kwa Sh100 kwa uniti mapato ya juu kabisa kutoka hapo ni Sh7,500 kwa mwezi. Mzigo wa kweli uko kwa mwenye mashine. Nenda Ubaruku au Igurusi wakati wa mavuno: mota ya nguvu-farasi 30 ya kukoboa mpunga inavuta kilowati 22, na mota 100 za namna hiyo ni megawati 2.2. Si ajabu kukuta pembeni yake injini ya dizeli imefunikwa turubai, ikisubiri siku umeme utakapokuwa hafifu. Mahitaji ya mtu huyo yapo, ila hayaonekani kwenye takwimu za mauzo, kwa sababu takwimu huhesabu umeme uliouzwa, si uliotakiwa ukakosekana.

Nyanda za Juu ziko mbali na mitambo mikubwa ya Pwani, na umeme unaosafiri umbali mrefu hupotea na kudhoofika. Mtambo uliopo Makete unaweza kuwa ghali kidogo kwa uniti ukiwa pale mtamboni, ukawa nafuu ukifika Mbeya.

Halafu kuna njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ya kutuunganisha na Zambia. Wengi wanaitaja kama jibu la umeme wa ziada: tutauza. Kisio hilo lina msingi. El Niño mara nyingi huleta mvua nyingi Afrika Mashariki na ukame kusini mwa Afrika. Mwaka 2024 Rufiji ilifurika huku Zambia ikitangaza ukame kuwa janga la taifa na kukata umeme kwa saa nyingi kila siku. Mwaka kama huo tungeuza kwa bei nzuri. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei, unaofanana na wa Zambia kuliko ule wa kaskazini mwa nchi, na ziko kwenye mpaka wa tabia hizo mbili za hali ya hewa. Kama mito ya Njombe na Makete ikipungua mwaka uleule Zambia inapokauka, tutakuwa na mnunuzi anayegonga hodi na ghala tupu. Jambo hilo linapimika, mto kwa mto, kutoka kwenye daftari za vipimo vya maji. Mpaka lipimwe, mapato ya kuuza umeme Zambia yawekwe kwenye hesabu ya pembeni, na deni la mtambo lipangwe kulipika kwa wateja wa hapa nchini peke yao, katika mwaka wa maji machache.